MAFAHALI WAWILI KATIKA ZIZI MOJA: KUWEKA MIFUMO ENDESHI MIWILI KWENYE KOMPYUTA MOJA YA KUPAKATA

Utangulizi

Wahenga walisema mafahali wawili hawakai zizi moja. Katika makala haya tunakusudia kuonyesha kwamba, kwa upande wa kompyuta, mafahali hao wanaweza kukaa pamoja, mradi mwenye zizi ajenge ukuta kati yao kabla ya kumwingiza yule wa pili. Ukuta huo usipojengwa, au ukijengwa kwa pupa, ziumiazo ni nyasi. Na nyasi zenyewe ni mitihani, tasnifu na rekodi za utafiti tulizozihifadhi humo kwa miaka.

Tumesukumwa kuandika na maswali ya wenzetu idarani. Tarehe 14 Oktoba 2025 kampuni ya Microsoft ilikoma kutoa marekebisho ya kawaida ya usalama kwa Windows 10, isipokuwa kwa wale waliojiandikisha katika mpango wa nyongeza. Windows 11 nayo haikubali rasmi kompyuta isiyo na chipu ya usalama ya TPM 2.0 wala prosesa za zamani. Wengi wetu tunatumia kompyuta zilizonunuliwa mtumba, ambazo bado ni nzima lakini zimekataliwa mlangoni. Kununua mpya si jambo la mshahara wa mwezi mmoja. Je, tuzitupe? Jibu letu ni hapana, na hapa chini tunaeleza njia mojawapo.

Mfumo endeshi ni nini?

Mfumo endeshi ni programu mama inayoiamsha kompyuta, ikasimamia diski, kumbukumbu, kibodi, skrini na programu nyingine zote. Ule unaojulikana zaidi kwetu ni Windows. Mwingine ni Linux, ambao kiini chake kilianzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds alipokuwa mwanafunzi katika Chuo Kikuu cha Helsinki, Ufini. Walimu wa Kiswahili hatuna haja ya kukiona chuo hicho kuwa cha mbali: ndicho kilichotupatia Korpasi ya Kiswahili ya Helsinki, ambayo watafiti wengi wa lugha yetu wameitumia.

Linux hutolewa kwa sura nyingi. Tutakayoizungumzia ni Ubuntu, iliyoanza kutolewa Oktoba 2004 chini ya Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini. Jina lenyewe halihitaji tafsiri ndefu mbele ya wanaisimu wa Kibantu: ni *ubuntu* kwa Kizulu na Kinyarwanda, *obuntu* kwa Luganda, *utu* kwa Kiswahili. Mzizi ni ule ule, ngeli ni ile ile. Ubuntu hupatikana bure, na mtu ana ruhusa ya kuinakili na kumpa mwenzake bila kuvunja sheria.

Kuweka mifumo endeshi miwili kwenye kompyuta moja maana yake ni kuigawa diski mafungu mawili, kila mfumo ukakaa katika fungu lake. Kompyuta inapowashwa, menyu hutokea na kutuuliza tunataka kuingia upande upi. Mifumo hiyo haifanyi kazi kwa wakati mmoja. Mmoja hulala mwingine anapokuwa macho. Tumechagua neno *fungu* kwa sehemu ya diski kwa kuwa mkulima yeyote anajua fungu la shamba ni nini. Wenzetu wenye istilahi bora watuandikie.

Kwa nini miwili, na si mmoja?

Swali hili ni la haki. Kama Linux ni bure, kwa nini tusiifute Windows kabisa? Zipo sababu tatu.

Kwanza, Microsoft Office haina toleo la kusakinishwa kwenye Linux. LibreOffice, iliyozaliwa mwaka 2010 kutokana na OpenOffice.org, hufungua mafaili ya Word vizuri, lakini tasnifu yenye majedwali mengi na maelezo ya chini huweza kupotoka mpangilio. Mwanafunzi aliyebakiwa na siku mbili kuwasilisha kazi yake hataki kusikia habari hiyo.

Pili, ziko printa na vifaa vingine ambavyo watengenezaji wake waliviandalia Windows peke yake.

Tatu, mazoea yana taabu. Mwalimu anayesahihisha mitihani hawezi kujifunza mambo mapya juma hilo hilo.

Kwa upande mwingine, Linux inatufaa kwa mambo ambayo Windows hutusumbua. Virusi vinavyosafiri kwa flashi kutoka duka la kuchapishia hadi kompyuta ya mwanafunzi, kisha hadi yetu, vingi vimeandikwa kwa ajili ya Windows na haviamki ndani ya Linux. LibreOffice ina kamusi ya kukagulia tahajia ya Kiswahili, kwa hiyo maneno yetu hayapigiwi mstari mwekundu yote kama kwamba ni makosa ya Kiingereza. Walio Dar es Salaam katika miaka ile watakumbuka Jambo OpenOffice, iliyotolewa mwaka 2004 kwa kazi ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Tulipokuwa huko kwa masomo ya uzamili ndipo tulipoona kwa mara ya kwanza menyu za kompyuta zikizungumza Kiswahili, nasi hatujausahau mshangao ule.

Zaidi ya hayo, Linux inakuja na zana ndogo ndogo za kuchambua matini. Tuseme tuna insha za wanafunzi katika faili liitwalo insha.txt, na tunataka kujua neno *kwa* limetumika mara ngapi, bila kuhesabu *kwamba* wala *kwao*. Tunaandika mstari mmoja tu:

grep -o -i -w "kwa" insha.txt | wc -l

Jibu hutoka mara moja. Programu ya Praat ya kuchambulia sauti, iliyoundwa na Paul Boersma na David Weenink wa Chuo Kikuu cha Amsterdam, inafanya kazi pande zote mbili.

Kosa letu wenyewe

Kabla ya kueleza hatua, inatupasa kukiri. Mara ya kwanza tulipojaribu jambo hili, miaka kadhaa iliyopita, tulifanya usiku baada ya kusahihisha, macho yakiwa mazito. Skrini ilipotuuliza tunataka kusakinisha vipi, tulichagua lile la juu bila kulisoma hadi mwisho. Lilikuwa linasema diski yote ifutwe. Dakika ishirini baadaye tulikuwa na Ubuntu safi kabisa, na hatukuwa na kingine chochote.

Mitihani tuliipata kwa wenzetu, kwa kuwa tulikuwa tumewatumia kwa barua pepe. Ambacho hatukukipata ni rekodi za ngano tulizozikusanya kwa wazee saba wa vijijini. Tulirudi kwao mwaka uliofuata. Watano walitusimulia tena, wakicheka kwamba mwalimu amesahau somo. Wawili walikuwa wamekwisha kufariki. Sauti zao hazipo popote leo, na hakuna fundi tuliyemwendea aliyeweza kuzirudisha.

Tunalisimulia hili ili msomaji aelewe kwa nini sehemu ifuatayo ni ndefu kuliko ile ya usakinishaji wenyewe.

Maandalizi

1. Nakala akiba. Tunakili mafaili yote muhimu mahali pawili tofauti, kwa mfano diski ya nje na kompyuta ya mwenzetu tunayemwamini. Baada ya kunakili, tufungue mafaili machache huko yalikonakiliwa na tuhakikishe yanafunguka. Nakala ambayo haijafunguliwa ni tumaini tu.

2. Kuangalia uwezo. Ubuntu 24.04, iliyotoka Aprili 2024 na inayopata marekebisho hadi 2029, huhitaji angalau GB 4 za kumbukumbu na GB 25 za diski. Sisi tunashauri kuiachia GB 50 au zaidi ili isibanwe baadaye. Kompyuta dhaifu yafaa ipewe ndugu zake walio wepesi, kama vile Xubuntu, Lubuntu au Linux Mint yenye sura ya Xfce.

3. Ufunguo wa BitLocker. Kompyuta nyingi zenye Windows 10 au 11 huwa zimefungwa kwa usimbaji bila mwenyewe kujua. Tukigusa mpangilio wa diski au wa uwashaji, Windows huweza kudai ufunguo wa tarakimu 48. Asiye nao hufungiwa nje ya mafaili yake mwenyewe. Kwa hiyo tuuandike ufunguo huo kwenye karatasi, kisha tuuzime usimbaji huo na kusubiri hadi umalize kujifungua. Kazi hiyo huweza kuchukua saa nzima au zaidi.

4. Kuzima uwashaji wa haraka. Windows ina tabia ya kutozima kabisa. Husinzia tu ili iamke upesi. Ikiwa imesinzia, fungu lake huwa bado limeshikwa, na Linux ikiingia humo kuandika inaweza kuharibu mafaili. Mara nyingi Linux hukataa kuandika na kuruhusu kusoma tu. Mpangilio huo huzimwa katika sehemu ya umeme ndani ya paneli dhibiti ya Windows, kwenye maelezo ya vitufe vya kuzimia.

5. Kugawa shamba. Tuipunguze diski tukiwa ndani ya Windows, kwa kutumia programu yake ya kusimamia diski. Tunabofya fungu C kwa kitufe cha kulia cha kipanya, tunachagua kulipunguza, na kutaja kiasi. GB 50 ni sawa na megabaiti 51200. Nafasi inayotokea tuiache wazi hivyo hivyo bila kuipa jina wala kuiandaa. Kazi hii ni ya Windows kwa sababu yenyewe ndiyo ijuayo mafaili yake yamekaa wapi.

6. Flashi ya kusakinishia. Faili la Ubuntu 24.04 lina takriban GB 6, kwa hiyo tulipakue kwa mtandao wa chuo, au tulinakili kwa mwenzetu aliyekwisha kulipakua. Tunahitaji flashi ya GB 8 au zaidi. Programu ya bure iitwayo Rufus ndiyo inayoliandika faili hilo kwenye flashi. Kulinakili kwa kawaida, kama tunavyonakili picha, hakutoshi. Rufus hufuta kila kitu kilichokuwa ndani ya flashi hiyo.

Usakinishaji

Tuchague siku ambayo hatuna haraka. Betri ijae na waya wa umeme uwe umechomekwa. Umeme ukikatika katikati ya kazi na betri ikawa imekufa, mafungu ya diski huweza kuachwa nusu. Kompyuta ambayo betri yake haishiki chaji hata kidogo isiguswe mahali ambapo umeme hukatika ovyo, isipokuwa kuna jenereta au betri ya akiba.

Tunachomeka flashi, tunaizima kompyuta, kisha tunaiwasha huku tukibonyeza kitufe cha menyu ya uwashaji. Kwa Dell na Lenovo mara nyingi ni F12. Kwa HP ni Esc kisha F9. Kwa Asus ni Esc. Tunachagua flashi. Hakuna haja ya kuizima Secure Boot, maana Ubuntu inatambulika nayo.

Ubuntu itatukaribisha kuijaribu kabla ya kuisakinisha. Tuukubali mwaliko huo. Wakati wa kujaribu hakuna kinachobadilishwa kwenye diski. Tuangalie kama mtandao usio na waya unashika, kama spika zinatoa sauti, na kama kibodi inaandika tunachobonyeza. Wenzetu wa Burundi na Kongo wenye kibodi za Kifaransa wachague mpangilio huo mapema, la sivyo neno la siri watakaloliandika leo halitakuwa lile watakaloliandika kesho.

Tukiridhika, tunaanza kusakinisha. Baada ya maswali ya lugha na kibodi tutafika kwenye lile swali lililotuangusha. Tunachotaka ni kusakinisha Ubuntu kando ya Windows, nayo itaingia kwenye nafasi tuliyoiacha wazi. Chaguo la kuifuta diski tusiliguse. Ikitokea kwamba chaguo la kusakinisha kando halionekani, tusilazimishe. Huenda usimbaji haujazimwa, au diski imepangwa kwa namna ambayo Ubuntu haiielewi. Tuzime, tutoe flashi, turudi Windows na tumwulize mwenye ujuzi. Hadi hapo hakuna kilichoharibika.

Kabla ya kuthibitisha, skrini huonyesha muhtasari wa mabadiliko. Tuusome kwa sauti, ikiwezekana mbele ya mtu wa pili. Kisha tuthibitishe na kusubiri. Kwa kawaida kazi huisha kabla ya nusu saa, ingawa diski ya zamani huchelewa zaidi.

Kompyuta ikiwaka upya, menyu iitwayo GRUB itatuonyesha Ubuntu na Windows. Tuingie kila upande mara moja siku hiyo hiyo na tuhakikishe mafaili yetu ya Windows yako salama.

Matatizo madogo yanayofuata

Saa. Siku moja baada ya kutumia Ubuntu tuliingia Windows na kukuta saa imerudi nyuma kwa saa tatu. Ilikuwa saa nne asubuhi, lakini kompyuta ilisema saa moja, nasi nusura tuchelewe kikao cha kutetea tasnifu. Hapa ugomvi wetu wa kawaida wa saa ya Kiswahili na saa ya Kizungu hauhusiki, maana ule ni wa saa sita. Sababu ni kwamba Linux huiandika saa ya ndani kwa majira ya kimataifa, na Windows huisoma kama kwamba ni ya hapa nyumbani. Uganda, Kenya na Tanzania tofauti huwa saa tatu. Rwanda, Burundi na Kongo ya mashariki huwa saa mbili. Dawa ni kufungua kidirisha cha amri ndani ya Ubuntu na kuandika:

timedatectl set-local-rtc 1

Menyu kutoonekana. Baadhi ya masasisho ya Windows hubadilisha utaratibu wa uwashaji. Agosti 2024 sasisho moja la usalama liliwazuia baadhi ya watumiaji duniani kuwasha Linux hadi lilipotafutiwa ufumbuzi. Vivyo hivyo, Windows huweza kukosekana katika menyu ya GRUB. Katika hali zote mbili tusidhani mfumo umefutika. Tubonyeze tena kitufe cha menyu ya uwashaji, F12 au kingine, na mara nyingi tutaikuta mifumo yote miwili humo.

Kuiondoa Linux. Asiyeitaka tena asikimbilie kulifuta fungu lake. Kwanza aweke Windows mbele katika utaratibu wa uwashaji na kuhakikisha inawaka yenyewe. Akianza kwa kufuta, atakutana na skrini nyeusi ya GRUB inayotafuta kitu kisichokuwapo.

Nani asifanye hivi?

Mwenye nakala moja tu ya kazi yake asifanye. Mwenye kompyuta ya ofisi asifanye bila idhini ya mafundi wa chuo. Mwanafunzi aliye katika mwezi wa mwisho wa tasnifu asifanye. Asubiri avae joho kwanza.

Pia wale wanaotaka tu kuonja Linux hawahitaji kugawa diski. Wanaweza kuitumia kutoka kwenye flashi, au kuiendesha ndani ya Windows kwa programu kama VirtualBox, ikiwa kompyuta ina kumbukumbu ya kutosha, tuseme GB 8 au zaidi.

Aidha, tusijidanganye kwamba kuwa na Ubuntu upande mmoja kunailinda Windows 10 iliyo upande wa pili. Fungu la Windows lililokosa marekebisho yafaa litumike kwa kazi zile tu zinazolihitaji, na ikiwezekana bila intaneti. Barua pepe, benki na mitandao vihamie upande wa Linux.

Hitimisho

Tumeeleza kwamba kompyuta iliyokataliwa na Windows 11 si takataka, kwamba mifumo miwili huweza kuishi katika diski moja, na kwamba hatari kubwa iko kwetu sisi tunaobonyeza kabla ya kusoma. Katika idara yetu kompyuta tatu zilizokuwa kabatini sasa zimerudi kazini, na wanafunzi wa mwaka wa tatu wanazitumia kuhesabu viambishi badala ya kuvikisia.

Wanaotaka kusaidiwa waje ofisini wakati wa mashauriano. Waje na flashi, na waje na nakala akiba. Atakayekuja bila nakala tutamkaribisha chai, tutaongea naye mengi, lakini kompyuta yake hatutaigusa.